Vazi la Utando la Mama Rispa Navalayo Shikanga (1936–1998)

Mchungaji, wazee wa ukoo, majirani zetu wa Khayega, na ninyi mliotoka Musanda na Lugari mkisukuma magari kwenye matope ya mvua hii: leo, Jumamosi tarehe 28 Februari 1998, tunamrudisha udongoni Rispa Navalayo Shikanga. Wengine mlimwita Mama Protus, watu wa sokoni walimwita Mama Vitambaa, na sisi wajukuu tulimwita Kukhu. Baba yangu, Protus, ameniambia nisome mimi Awinja kwa sababu niliishi na Kukhu tangu nilipotoka shuleni nikiwa darasa la tano. Sijui maneno makubwa. Nitasema niliyoyaona na aliyonisimulia mwenyewe.

Kuna swali limekuwa likizunguka hapa nyumbani tangu siku aliyofariki. Mlikuwa mkiuliza kama tutamlaza kwenye sanduku na lile vazi lake jeupe, lililofumwa kwa mfano wa utando wa buibui. Wengine mmesema avalishwe kwa sababu ndilo lililomfanya ajulikane. Wengine mmesema lichomwe kwa sababu ndilo lililomtenga na binti yake Nanjala miaka hii yote. Jibu liko, na alilitoa mwenyewe. Lakini halitaeleweka tusipoanzia alikotoka.

Kukhu alizaliwa Musanda mwaka wa 1936, mtoto wa tatu wa Mzee Zakayo Osiako na Mama Nanjala. Cheti cha ubatizo kinasema ilikuwa mwezi wa tano. Mama yake alisema ilikuwa wakati wa kupalilia wimbi, na hakutaka kubishana na karatasi. Mzee Osiako alitengeneza baiskeli za watu chini ya paa la nyasi kando ya barabara. Mama Nanjala alikuwa mtu wa usafi mkali. Alifagia uwanja mpaka udongo ukang'aa. Mahali pamoja tu ufagio haukufika, pembe za ndani za ghala. Mtoto akithubutu kupeleka ufagio huko alisikia sauti kutoka mbali: "Wacha huyo buibui! Huyo ni askari wangu. Wadudu wanaokula wimbi, yeye ndiye anawashika, na hajawahi kuniomba hata uji." Kukhu alikua akijua kwamba utando ukiwa juu ya chakula, chakula kiko salama. Naomba mlishike hilo neno, kwa sababu baadaye lilimletea shida.

Alisoma shule ya misheni hapo Musanda, kuanzia 1946 mpaka 1949, akaishia darasa la tatu mama yake alipougua na mtu wa kupika akakosekana. Hakusoma vitabu vingi, lakini mke wa mwalimu alikuwa akiwafundisha wasichana krosheti kila Ijumaa mchana. Sindano za shule zilikuwa chache, wasichana wakizigombania. Mzee Osiako akachukua spoku ya baiskeli iliyovunjika, akaikata, akaisugua kwa tupa, akaikunja ncha kidogo kama mdomo wa kuku. Sindano hiyo ndiyo Kukhu aliyoifumia maisha yake yote. Mke wa mwalimu alifundisha mapambo ya ua na ya nanasi. Kukhu akarudi nyumbani akaingia ghalani, akamtazama yule askari wa mama yake akifanya kazi. Aliniambia kwamba jambo lililomshinda kwanza ni hili: buibui anatandika nguzo zake zote, halafu anazunguka akitoka nje kuja katikati. Uzi wa krosheti hauna pa kushika huko nje. Lazima uanze na kaduara kadogo katikati, usimamishe nguzo, uzunguke kwa vitanzi, na kila mzunguko vitanzi viwe virefu kuliko vya kwanza. "Mimi na buibui tulikuwa tunakutana njiani," alisema.

Mwaka wa 1956 kanisa la Musanda lilitaka mabenchi, akaletwa fundi wa mbao kutoka Khayega, kijana mmoja aliyeitwa Josfati Shikanga. Jumapili ya kwanza mabenchi yalipokaliwa, ukucha wa ubao ulishika gauni la Rispa ukalipasua. Baada ya ibada alimfuata fundi nje.

"Fundi, benchi yako imekula nguo yangu."

"Ilete hapa kesho nishone."

"Wewe unajua kushona?"

"Sijui. Lakini utakuwa umerudi."

Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 10 Agosti 1957, wakaja kuishi hapa. Babu alitengeneza viti na Kukhu akavifumia vitambaa, na watu walisema wawili hao walikubaliana: mmoja anachoma watu matako, mwingine anawapoza. Mungu aliwajalia watoto watatu, Protus, Yeremia, na Fridah Nanjala, kitinda mimba, aliyepewa jina la bibi yake wa Musanda. Babu alifariki tarehe 3 Juni 1986. Kiti chake cha mwisho, kile chenye mikono mipana, kiko sebuleni mpaka leo, na ndicho kilichokuja kutumika kwa lile vazi.

Kazi yake mnaijua, wengi wenu mmeikalia. Kila siku ya soko Kukhu alikaa Khayega kwenye baraza ya kinu cha kusaga, karibu na Mama Chepkirui anayetoa mitumba Kapsabet. Chepkirui alimwekea sweta zilizotoboka ambazo hakuna mtu angenunua. Kukhu alitafuta ncha, akavuta, na sweta nzima ikarudi kuwa uzi, akiizungusha kwenye goti. Uzi ukaoshwa, ukaning'inizwa na jiwe ili unyooke, ukafumwa tena. Hapo barazani watu walimletea pia magomvi yao, kwa sababu hakuwa mtu wa kukimbilia kujibu. Siku moja majirani wawili waligombana mbele yake juu ya ua wa mpaka, kila mmoja akirudi nyuma zaidi ya mwenzake: wewe ulianza, hapana, baba yako ndiye alianza. Kukhu alikuwa ameshika kitambaa. Akamwambia mmoja avute ule uzi wa katikati, wa mwanzo. Akavuta, hakuna kilichotoka. Akamwambia avute ule wa mwisho. Kikafumuka chote.

"Mnaona?" akasema. "Mwanzo haufumukangi. Mtavuta hapo mpaka mvunjike vidole. Tafuteni mahali mliachia."

Nilikuwa nimekaa nyuma yake nikizungusha uzi. Sikujua kwamba siku moja neno hilo lingerudi kumtafuta yeye mwenyewe.

Nanjala alipochumbiwa na kijana wa Lugari, Wanyama, mwana wa Mama Selina, Kukhu alisema binti yake hatapelekewa uzi wa sweta kuukuu. Alinunua uzi mpya wa pamba, mweupe, mwembamba. Alifuma seti nzima ya sebule: duara kubwa la meza, vitambaa virefu vya migongo ya viti, vya mikono, na viduara vya stuli. Na hakufuma nanasi. Alifuma utando wa ghala la mama yake. Hakumwambia mtu kwa nini. Kwake ilikuwa wazi. Harusi ilikuwa Jumamosi tarehe 14 Desemba 1991, na seti ilipelekwa ikiwa imepigwa pasi.

Kwetu, mama wa msichana haingii nyumba ya mkwe wake mpaka aalikwe rasmi. Kwa hivyo Kukhu hakuwahi kuona vitambaa vyake vikiwa juu ya viti vya Lugari. Alingoja kusikia habari zake. Habari ilikuja mwishoni mwa Januari, nayo ilikuja na vitambaa vyenyewe. Nanjala aliingia hapa nyumbani na mfuko wa karatasi, akauweka juu ya meza. Kukhu alikuwa ameshamimina chai.

"Mama, wamesema nirudishe."

"Nani amesema?"

"Mama mkwe. Amesema nyumba ya utando ni nyumba ya mtu amekufa. Amesema mwanawe hakuoa msichana wa kumwekea buibui kwa sebule." Nanjala alikuwa amesimama. "Si ungenifumia nanasi kama watu wote? Watoto wa wengine umewafumia nanasi. Mimi ndio uliona unitoe kwa watu na utando?"

"Keti unywe chai kwanza."

"Sitaki chai."

Akatoka. Kukhu hakumfuata. Kikombe kilibaki kwenye stuli mpaka maziwa yakafanya ngozi juu, na ni Kukhu mwenyewe aliyekimwaga, nje, kwenye mgomba.

Mfuko ulikaa pembeni majuma kadhaa bila kuguswa. Halafu siku moja nilimkuta ametandaza seti yote juu ya kiti cha Babu: kirefu mgongoni, vya mikono mikononi, duara la meza limeangukia mbele. Alisimama akikitazama hicho kiti kwa muda mrefu. Kilionekana kama mtu aliyevaa. Akaenda kuchukua pini.

Vazi alilitengeneza juu ya kiti hicho, siku kwa siku. Duara la meza likawa mgongo. Vitambaa virefu vikawa mbele, kimoja kulia, kimoja kushoto. Vya mikono ya kiti alivikunja vikawa mikono ya vazi, na viduara vya stuli vikakaa mabegani. Duara na duara vikikutana vinaacha tundu lenye pembe nne katikati, na hapo alifuma kinyota kidogo cha kuvishikanisha. Hakukata hata mahali pamoja, maana krosheti ikikatwa inakimbia. Palipobana alifumua kutoka mwisho wa uzi, akafuma upya. Ilipokuwa karibu kwisha, akafika upindo wa chini, akasimama. Kitanzi cha mwisho hakukifunga. Alikipitisha pini ya nguo ili kisifumuke, akakiacha hivyo.

Siku ya Pasaka, tarehe 19 Aprili 1992, alivaa gauni la bluu na vazi hilo juu yake, na bluu ikaonekana kwenye kila tundu. Chepkirui alikuwa mbele ya kanisa na akina mama wengine.

"Wee Rispa! Umevaa kochi!"

"Kochi halitembei, Chepkirui."

"Basi geuka nione kama umebeba na mito."

"Mito ninayo tangu nizaliwe. Wewe ndio ulikopesha yako?"

Akina mama walicheka mpaka mchungaji akatoka nje kuangalia. Halafu mmoja akaliona lile jambo la upindo. "Mama Protus, umesahau pini." Kukhu akasema, "Sikusahau." Chepkirui alipombana siku ya soko, alijibu neno moja tu: "Mwenye seti ndiye atafunga." Na kwa nini anavaa kitu kilichorudishwa? Akasema, "Nikikikunja nikiweke chini ya kitanda, hapo ndipo buibui wa kweli atakuja. Buibui hafumii mtu anayetembea."

Tangu hapo wasichana wengi walikuja kutaka vazi kama lile kwa harusi zao. Aliwafumia ya nanasi, aliwafumia ya maua, na kama hamkujua, nusu ya mablauzi meupe ya krosheti yaliyopita kanisa letu miaka hiyo yalitoka kwa ile spoku ya baiskeli. Utando alikataa kumfumia mtu mwingine.

Agosti 1993 tulisikia Nanjala amejifungua mtoto wa kiume. Kukhu alivaa vazi lake, akachukua ingokho, kuku wa kumpa mzazi, kwenye kikapu, akaniambia nibebe gunia tupu. Tulipofika Lugari nikajua gunia lilikuwa la nini. Hakuwa amealikwa, kwa hivyo hangeweza kuingia. Aliketi juu ya gunia kwenye ukingo wa shamba la mahindi, kuku pembeni, akitazama nyumba ambayo mtoto wake yuko ndani. Jua lilikuwa limefika utosini Mama Selina alipotoka na jembe.

"Mama, unangoja nani kwa mahindi yangu?"

"Nangoja mtu wa kunikataza kuingia."

"Kuingia wapi?"

"Kwako. Mimi ni mama ya Nanjala."

Mama Selina aliweka jembe chini. Aliangalia lile vazi kutoka bega mpaka upindo. "Kumbe ndiyo hiyo."

"Ndiyo hii."

"Umeivaa uje unionyeshe?"

"Nimeivaa kwa sababu Lugari kuna baridi."

Mama Selina alicheka kabla hajataka. Akaketi kwenye nusu nyingine ya gunia. Mama Selina yuko hapa leo, ameketi na akina mama wa ukoo, na ameniruhusu niseme aliyoyasema siku hiyo.

"Wacha nikuambie, dada," alisema. "Sisi tulipopewa hapa, shamba lililokuwa la mzungu, nyumba yake ilikuwa imekaa bila mtu. Utando ulitoka mlangoni mpaka kwa dirisha. Mimi ndiye nilifagia, nikiwa na mimba yangu ya kwanza. Huyo mtoto nilimzaa humo ndani na hakukaa. Nikiona utando kwa nyumba, mimi naona yeye. Si ati nilikuchukia."

"Pole, dada," Kukhu akasema. "Pole sana. Mimi sikujua." Halafu akamweleza habari za ghala la wimbi la Musanda, na askari ambaye haombi uji. "Nilikuwa namwekea mtoto wangu mlinzi kwa viti."

"Na kwa nini hukutuma neno?"

"Nilidhani kitambaa kitasema. Kumbe kitambaa hakina mdomo."

"Mimi nami singeuliza. Niliona tu, nikasema irudi." Mama Selina alielekeza kidevu nyumbani. "Yuko jikoni, anatuona. Nimwite?"

"Usimwite. Akiitwa na wewe atakuwa amekuja kwako, si kwangu."

"Sasa hasira yake ni juu ya hii nguo. Watu wa Khayega wamemwambia unaivaa kanisani ukimsuta. Ati unavaa aibu yake mbele ya watu kila Jumapili."

Nilimwona Kukhu akijishika upindo, pale kwenye pini. Hilo hakuwa amelifikiria hata mara moja. Mama Selina aliingia ndani, akarudi na mtoto mwenyewe, akamweka kwenye mapaja ya Kukhu, na vidole vya mtoto vikaingia kwenye matundu ya utando vikakwama hapo, na wale mama wawili wakavitoa kimoja kimoja wakicheka. Nanjala alisimama kwenye mlango wa jikoni. Hakutoka. Kukhu aliacha ingokho kwa Mama Selina, tukarudi na debe la mahindi.

Njiani alisema jambo moja tu: "Kumbe nilikuwa navaa kidonda cha mtu." Tangu siku hiyo hakulivaa tena kanisani. Lakini hakulikunja. Alilivaa akienda kisimani, akienda shambani, akienda kununua chumvi, mahali ambapo hakuna wa kupeleka maneno Lugari. Mvua ikimnyeshea lilikuwa zito kama mtoto, akaja kulianika juu ya kiti cha Babu, pini ikiwa pale pale.

Ugonjwa wake ulikuwa wa moyo. Ulianza mwaka wa 1995 kwa miguu kuvimba. Halafu vidole navyo vikavimba, na siku moja akaweka sindano ya spoku dirishani hakuichukua tena. Mwezi wa Novemba mwaka jana alilazwa hospitalini, na kabla ya Krismasi wakaturuhusu tuje naye nyumbani. Siku alipotambua kwamba hatainuka tena kwenda hata uani, aliniambia nimvue vazi nilivalishe kiti. Halafu akamwita Baba.

"Protus, msinizike na hilo."

"Mama, usiongee hivyo."

"Naongea hivyo hivyo. Hicho ni kitu cha kutembea. Mkikilaza, itakuwa kweli ile maneno walisema, kwamba ni nguo ya nyumba ya kufa."

"Basi tumpe nani?"

"Atakayetoa pini."

Hakutaja jina, na Baba hakuuliza. Sote tulijua jina. Tulichokuwa hatujui ni kama mwenye jina angekuja Kukhu akiwa bado hai. Kila kelele ya viatu uani, Kukhu aligeuza kichwa kuelekea mlangoni. Ilikuwa ni jirani. Ilikuwa ni mchungaji. Ilikuwa ni Chepkirui na ndizi, akisema, "Mama Vitambaa, baraza imekuwa pana sana, rudi uikalie." Akageuza kichwa tena ukutani.

Mama Selina anasema hakumtuma Nanjala. Alimwambia tu, wakichambua maharagwe: "Mama yako hawezi tena kushika sindano." Nanjala aliacha maharagwe kwenye ungo.

Alifika hapa Jumamosi tarehe 24 Januari, ameshika viatu mkononi, miguu imejaa matope mpaka magotini. Alisimama mlangoni. Nilidhani ataanza kueleza habari za vitambaa, za harusi, za maneno ya watu wa kanisa. Kukhu alikuwa amegeuza kichwa kumtazama. Nanjala akakiangalia kiti cha Babu kilichovaa utando, akaiangalia ile stuli karibu na meza.

"Mama," akasema, "ile chai bado iko?"

"Ilipoa," Kukhu akasema. "Awinja, weka ingine kwa moto."

Ilinywewa. Nanjala alikunywa vikombe viwili akiwa ameketi ukingoni mwa kitanda. Halafu akasema, "Ungenifumia nanasi." Kukhu akasema, "Ningekuuliza kwanza." Wakaanza kucheka wote wawili, kucheka kule kunakotoka na machozi, mpaka Baba akaja kuchungulia akadhani mambo yameharibika.

Siku hiyo Nanjala alitoa pini. Aliichukua spoku dirishani, akaiingiza kwenye kitanzi kilichokuwa kikingoja, akaanza kuzunguka upindo. Upindo ni mrefu maana vazi ni pana, na alikuwa na watoto wa kurudia Lugari, kwa hivyo alikuja na kwenda, akifuma kando ya kitanda kila alipokuja. Mkono wake umekaza, wa Kukhu ulikuwa mlegevu. Mkiangalia mtaona mahali mmoja aliishia na mwingine akaanzia. Kukhu alisema paachwe hivyo.

Alifariki Jumanne tarehe 17 Februari 1998, asubuhi, mvua ikiwa imekatika kidogo. Nanjala alikuwa kando yake akifuma. Kukhu alifumba macho, akauliza:

"Umefika wapi?"

"Upande wa kulia, Mama. Karibu na mshono wa mgongo."

"Endelea."

Hakusema jingine. Nanjala aliendelea kama alivyoambiwa, vitanzi kadhaa, kabla hajajua.

Kwa hivyo hili ndilo jibu. Juzi Alhamisi, akina mama walipokuwa hapo uani wakibishana, huyu akisema avalishwe, yule akisema lichomwe, Nanjala alitoka nyumbani akiwa na vazi mikononi. Akafuma kitanzi cha mwisho mbele yao, akapitisha uzi ndani yake, akakaza, akaukata kwa meno. Mama Selina akasimama, akamsaidia kuingiza mikono. Hakuna aliyebishana tena. Analo sasa hivi, ameketi hapo mbele na mtoto wake mapajani, na mtakapolipita jeneza mtaona kwamba mama yake amelala na gauni lake la bluu peke yake. Ile pini iliyoshika kitanzi miaka hii yote, Nanjala ameifunga kwenye kola ya gauni hilo. Kazi yake ya kushika imekwisha, inaenda na mwenyewe.

Marehemu ameacha watoto watatu: Protus Shikanga, Yeremia Shikanga na Fridah Nanjala Wanyama. Ameacha wakwe zake, pamoja na dada yake wa gunia moja, Mama Selina wa Lugari. Ameacha ndugu zake wa Musanda, wajukuu tisa ambao mimi ni wa kwanza, na Mama Chepkirui, ambaye ameomba atajwe kama mtu wa nyumba hii, na ni kweli. Ameacha vitambaa vyake kwenye viti ambavyo hatuwezi kuvihesabu. Mvifue kwa maji baridi, msivianike juani.

Bwana alitoa, na Bwana ametwaa kwa upole. Kukhu, lala kwa amani. Tumesikia ulichosema, na tunaendelea.